Nguo ya Asiyekuja Kupimwa

Jioni ile nilitoka kwenda kununua mafuta ya cherehani. Kichupa kilikuwa kimeniishia, na cherehani yangu sikuwahi kuishonea ikiwa kavu. Wenzangu mtaani wana mashine za kelele, mtu akipinda pazia jirani anapata habari. Yangu ilikuwa ya maana. Chuma kizito, taa ndogo juu ya sindano, inashona kitambaa cha shela na inashona jinzi, na vitundu vya vifungo inavizungushia uzi yenyewe mimi nikiwa nimekunja mikono. Nilijinyima sana kuipata. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya kusafiri, alikuwa akinitania kwamba kama naye angekuwa anafutwa vumbi namna ile, asingetoka nyumbani.

Niliporudi giza lilikuwa linaingia. Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwangu.

Hakuwa amebisha hodi. Ndani, binti yangu alikuwa jikoni anaimba. Tunamwita Kinanda, maana tangu ajue kusema hajanyamaza. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa akimsikiliza.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi. Karibu ndani, mama."

"Hapa panatosha."

Akanipa mfuko. Ndani mlikuwa na kitambaa kizito, rangi ya maziwa, na kibunda cha uzi wa rangi hiyo hiyo. Kilikuwa na harufu... ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na chini yake harufu ya udongo uliolowa. Nilidhani kilihifadhiwa vibaya.

"Gauni," akasema. "Mikono mirefu. Shingo ya kufunga. Vifungo mgongoni, kuanzia kiunoni mpaka juu."

"Ni lako?"

"La mtu wangu. Hawezi kuja kupimwa." Kinanda alikuwa ametokea nyuma yangu kuona ni nani, na yule mama akamtazama kama mnunuzi anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa juu. "Lakini umbo lake ni la huyu."

Jambo hilo kwetu si geni. Mteja akishindwa kuja, fundi hutafuta mwili unaofanana na wake, awe dada, awe jirani, akapima hapo na kazi ikaendelea. Nimeshona sare za watu wazima kwa kupima wapita njia. Basi nikamwita Kinanda, nikampitisha tepu mabegani, kifuani, kiunoni, shingoni. Alikuwa anacheka.

"Mama, tepu yako leo ya baridi."

Kila kipimo nilichokisoma, yule mama alikirudia kwa kunong'ona, taratibu, kama mtu anayekariri. Nilipoinua macho nimuulize jina na mahali anapokaa, alikuwa ameshateremka ngazi.

"Nitapita ikiwa tayari," alisema bila kugeuka.

Nitakujulisha vipi, sikuuliza.

Kesho yake nikakata kitambaa, nikakaa kwenye mashine. Nilitumia uzi wangu, kwa sababu mashine nzuri hailishwi uzi wowote tu unaokuja na mteja. Nikakanyaga pedali. Uzi ukakatika. Nikautunga upya, ukakatika. Nikabadilisha bobini ya uzi wa chini, nikalegeza uzi wa juu, nikasafisha vumbi chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Nilijaribu kwenye kipande cha shuka na mshono ukatoka umenyooka. Nikarudisha gauni...

Tap.

Safari hii ilivunjika sindano. Mashine ambayo haikuwahi kunisumbua tangu iingie kwangu. Ningekuwa na akili, ningeisikiliza. Lakini mimi ni mbishi, na nilikasirika kama vile nimejibiwa na mtoto mbele ya wageni. Nikaweka sindano mpya, na kwa hasira nikachukua ule uzi wa mteja.

Ulikubali. Ulikubali mno. Taa ilikuwa inawaka, sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinakwenda chenyewe chini ya vidole vyangu.

Lakini hakukuwa na sauti yoyote.

Nikaunga mabega na mbavu, kisha nikapachika mkono wa kulia. Jikoni mfuniko ukaanguka.

"Mama, mkono wangu umekufa ganzi," Kinanda akasema.

"Umeulalia. Unyooshe."

Nikapachika mkono wa kushoto. Kikaanguka kitu kingine, sahani nadhani, na nikamkaripia bila kuinua kichwa. Alikuwa bado anaimba, polepole. Nikashika kola, nikaizungusha shingoni, nikashona mpaka mwisho na kukata uzi.

Nyumba ilikuwa kimya.

Sijawahi kuusikia ukimya wa namna ile ndani ya nyumba yangu. Nilipogeuka, Kinanda alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufumba, na hakuna kilichotoka. Machozi tu.

Nililishika lile gauni nikachukua wembe, nikafumua uzi wa tundu moja la sindano pale begani. Kinanda akaruka. Begani mwake, kwenye ngozi, palikuwa na nukta nyekundu. Nikafumua la pili. Nukta ya pili ikatokea chini ya ile ya kwanza, kwa nafasi ile ile ya mshono wangu.

Nikautupa wembe.

Nilimpigia simu bibi aliyenifundisha ufundi. Ni mzee sasa, macho yameisha, lakini kichwa chake bado kizima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza yote.

"Uzi ni wa nani?"

"Wake."

"Mimi pia niliwahi kuletewa kitambaa hicho," akasema polepole. "Nilipoisikia ile harufu ya udongo nikakirudisha. Nguo inavaliwa na nani sijui, mjukuu wangu, na sikutaka kujua. Ninachojua ni kwamba inataka kipimo cha mtu aliye hai. Usifumue tena."

"Niichome?"

"Uzi umemtoboa. Moto utamfanya nini?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akaniuliza kwa upole, "Nguo ikimbana mtu, wewe unafanyaje?"

Hapo nikaelewa. Fundi hakati kitambaa ukingoni mwa mshono. Anaacha akiba pembeni, ili nguo ikibana ashone mshono mpya nje ya ule wa zamani. Ukishashika mshono mpya, ule wa zamani hauna kazi tena. Ni uzi tu.

"Kwa kipimo cha nani, bibi?"

Nilijua jibu hata kabla sijamaliza kuuliza. Mimi ni mnene kuliko mwanangu, na nyumba ile tulikuwa wawili.

"Ukimaliza mpe," akasema mwisho. "Usipompa, atarudi kupima upya."

Kujipima mwenyewe ni kazi ngumu, tepu inateleza mgongoni. Kinanda hakuweza hata kuinua mkono anishikie. Nilikaa kwenye mashine nikapitisha mshono mpya mabegani, mbavuni, mikononi, shingoni, nikila akiba yote mpaka ukingo wa kitambaa. Mara hii nilisikia sauti. Ilikuwa ndogo, ya kusaga, na ilikuwa inatoka ndani ya mifupa yangu. Baridi ikanishuka kutoka begani hadi kwenye ncha za vidole, ikakaa kidogo, ikapita.

Kisha nikachukua wembe, nikafumua mshono wa zamani. Tundu moja. Nikamtazama mwanangu. Hakuna nukta. Nikaufumua wote nikiwa nimebana pumzi.

Kinanda akakohoa.

"Mama," akasema. "Nina kiu."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu, na hilo nalisema mpaka leo, pamoja na yote yaliyofuata. Nilimwambia ilikuwa homa. Bora asijue, niliwaza.

Vikabaki vifungo. Mashine huzungushia uzi kwenye kila kitundu, lakini kupasua katikati ni kazi ya wembe. Nilivipasua vyote, kutoka kiunoni kwenda juu. Nilipofika cha mwisho, cha shingoni, nikasita. Gauni la kufungwa mgongoni lisipofungwa juu halijavaliwa, limetundikwa tu mwilini, na mimi nilitaka mwili huu ubaki wangu. Kile kitundu nikakiacha hivyo hivyo. Kwa macho kilikuwa kama wenzake.

Magharibi hiyo hiyo alikuja. Hakuna aliyemwita.

Alipokea gauni, akapapasa mbavu zake.

"Umelipanua."

"Ndiyo."

"Kwa kipimo cha nani?"

"Changu."

Akaninusa. Sisemi alinitazama, aliinamisha uso na kuninusa, hapa shingoni. "Haidhuru," akanong'ona. "Mwili ni mwili." Akapitisha kidole juu ya vitundu, kimoja kimoja, lakini giza lilikuwa limeshaingia, hakukigundua kile cha mwisho, akaenda zake.

Zilipita siku, nikaanza kujidanganya kwamba yameisha. Kisha jioni moja nikiwa naosha vyombo, nikahisi kitambaa kizito kinanishuka mabegani. Nilikuwa nimevaa blauzi nyepesi ya nyumbani. Halafu vidole. Vya baridi, chini ya mgongo, vikinifunga kifungo. Vikapanda. Kingine... na kingine... mpaka kisogoni. Hapo vikakwama. Vilihangaika, kifungo kikiteleza juu ya kitundu kisichopasuliwa, mpaka mwanga wa mwisho ulipozimika nje, vikaniacha.

Tangu hapo vinakuja kila magharibi. Nimevizoea, mtu anazoea hata jino bovu. Vinapanda, vinakwama, vinaondoka. Mimi napika, nashona sare za shule, napiga soga na majirani. Kinanda nimemwachia mashine, na mkono wake umekuwa mwepesi kuliko wangu. Sikumwambia neno. Ukimwambia mtoto jambo kama hilo, atalala vipi?

Leo nilichelewa kidogo dukani, nilikuwa natafuta zipu. Nimemkuta amekaa kwenye cherehani, taa ndogo inawaka, anaimba. Wembe uko mezani. Chumba kina harufu ya udongo uliolowa.

"Mama, mteja wako amepita," akasema. "Yule wa gauni rangi ya maziwa. Kumbe ulisahau kupasua kitundu cha shingoni."

Nikashika mlango.

"Alikuwa mpole, hata hakulalamika. Nimempasulia, nikamwomba radhi kwa niaba yako."

"Ameondoka?"

"Sasa hivi tu. Mama, mbona umekuwa hivyo?"

Nimemwambia nimechoka na jua. Nimevuta kiti karibu naye na kumwomba aendelee kuimba, na anaimba. Nje mwanga bado upo kidogo. Vidole vimeshaanza kiunoni.