Kufuli kwa Nje

Siku za gulio Masasi haikuwapo nafasi hata ya kuku kukatiza. Wanunuzi wa karanga walipiga kelele, wauza ufuta wakawajibu kwa kelele zaidi, na katikati ya zogo hilo lori la Kampuni ya Mazao likawa linarudi kinyumenyume kuelekea ghalani. Silvano, utingo, alikuwa nyuma akipiga bodi kwa kiganja: "Njoo! Njoo! Njoo!" Kisha kikasikika kishindo cha bati.

"Simama! Umeua!"

Fikirini, dereva, aliruka chini. Hakukuta maiti. Alikuta beseni lililobondeka chini ya tairi, na kando yake mwanamke amesimama mikono kiunoni. Gauni lake lilikuwa la bluu lenye ukosi mweupe, kanga nyekundu begani, nywele amezisuka mabutu, na uso umekunjamana kwa hasira. Ukweli usemwe, hasira ilimpendeza.

"Dereva, macho unayo au umeyasahau Newala?"

"Ninayo, bibie. Yalikuwa yanatazama kwenye kioo, na kiooni ulikuwemo wewe."

"Ulikuwa unaniona, na bado ukanirudia?"

"Sasa ningekuachaje uende zako?"

Silvano alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwanamke naye alijitahidi asicheke, akashindwa. Kesho yake Fikirini alimpelekea beseni jipya lenye maua ya waridi, na akajua kwamba anaitwa Esha, na kwamba wote wawili wanakula mkate wa kampuni moja.

Kazi ya Esha ilikuwa ngeni pale Masasi. Enzi hizo za Mwingereza mtu mwenye mgonjwa nyumbani alichagua mojawapo: amwache mgonjwa au aache kazi. Kampuni ilipoona mafundi wake wazuri wanaondoka kwenda kuuguza, ikamwajiri Esha, aliyekuwa amefundishwa uuguzi. Mfanyakazi akienda tu kwa karani Petro na kusema, "Nina mgonjwa," Esha angekwenda kukaa na mgonjwa huyo saa za kazi. Hali ikizidi, mwenyewe angepewa likizo, na kazi yake ingemngoja. Jambo jema kabisa. Lakini wanaume wa ghalani walimwita Esha "yaya wa madereva", wakacheka, na waliokwenda kwa Petro walikuwa wa kuhesabika. Mwanaume gani atasimama mbele ya wenzake aseme nyumbani ameshindwa?

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Ofisi ya Masasi ilikuwa na simu ya kuzungusha mkono, na ghala la Newala lilikuwa na nyingine. Kila lori likifika Newala, juu kwenye uwanda ulioinuka, dereva alipaswa kupiga kutoa habari. Petro alikuwa akisikia mlio tu, anamsukumia Esha kile chombo.

"Ofisi ya Masasi."

"Hapa Newala. Gari limefika salama, ila dereva ni mgonjwa."

"Anaumwa nini tena?"

"Hajaonana na mtu tangu asubuhi."

"Mwambie huyo dereva anywe uji, alale."

"Uji bila sukari?"

"Fikirini! Petro anasikia."

"Basi asikie. Ajue na posa inakuja."

Esha aliweka simu mashavu yakimwaka. Alikuwa mwanamke mzima, aliyewahi kuolewa akaachwa, na alikuwa amejiapiza kwamba hatachezewa tena. Lakini kwa Fikirini, mrefu, mwenye kofia ya kiua iliyolala upande na kicheko kisichoisha, kiapo kilikuwa kinalegea siku hadi siku.

Jambo moja tu lilimkera. Fikirini hakuwahi kumkaribisha kwake. Gari likirudi jioni alikimbilia nyumbani kama aliyeacha moto jikoni. Alinunua sabuni nyingi mno, na kanga za kike. Halafu Mwanne, jirani yake Fikirini, akamaliza mambo kisimani.

"Shoga, yule dereva wako ana mwanamke ndani. Akitoka asubuhi anapiga kufuli kwa nje. Sisi tunamsikia akikohoa."

Esha hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alimfuata Fikirini palepale uwanja wa malori.

"Nyumbani kwako kuna mwanamke?"

Fikirini alivua kofia. Kile kicheko chake kilikuwa kimepotea.

"Nijibu. Yupo, hayupo?"

"Yupo," alisema polepole. "Lakini Esha, siyo..."

"Kanga unamnunulia?"

"Namnunulia."

"Unamfungia kwa kufuli ili mimi nisimwone?"

"Ili wewe usimwone, ndiyo. Siwezi kukueleza zaidi. Niamini tu."

"Nilishamwamini mmoja hivyo hivyo," Esha alisema. Akageuka, akaenda zake, na kanga ikamdondoka begani asijue.

Mwanamke yule alikuwa mama mzazi wa Fikirini, Bi Somoe.

Kiharusi kilikuwa kimemwangusha Bi Somoe shambani Chiwata, kikachukua upande mzima wa kulia. Binti zake wawili walikuwa wamekufa, dada hana, na Fikirini ndiye pekee aliyebaki. Na kwao, kijana akishatoka jandoni hakanyagi tena chumba anacholala mama yake, sembuse kumvua nguo. Fikirini alifanya yote mawili kila siku. Alimwogesha mama yake huku amefumba macho, akipapasa kwa kitambaa, na Bi Somoe alijifunika kanga usoni asione mikono ya mwanawe. Hawakuzungumza mpaka maji yaishe. Mama alikuwa amemwapisha mwanawe asimwambie mtu yeyote. Kufuli lilikuwa la kuwazuia majirani, na Esha zaidi, wasichungulie.

Kwa nini basi hakwenda kwa Petro? Kwa sababu msaada wa kampuni ulikuwa ni Esha. Huyo huyo aliyetaka kumwoa. Mke mtarajiwa aje amwone mama mkwe wake uchi, amsafishe kinyesi, halafu siku ya pili aitwe mkwe? Katika watu wao aibu hiyo haina dawa. Mkwe humpisha mkwe njiani, hula mbali naye. Kwa hiyo Fikirini aliona kwamba akiomba msaada anapoteza mke, na asipoomba mama anabaki peke yake mchana kutwa. Akachagua kunyamaza. Hapo alikosea, na mimi sitamtetea.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Lori lilipanda Newala asubuhi chini ya manyunyu, na mchana mteremko wa uwanda ukaporomoka ukaifunika barabara. Hakuna gari lililoweza kushuka. Fikirini alisimama kwenye mlango wa ghala akitazama mvua, ufunguo wa kufuli umo mfukoni mwake. Alikuwa amemwachia mama yake kikombe cha uji na kibuyu cha maji, vya kumfikisha jioni tu.

Akaikimbilia simu.

"Ofisi ya Masasi."

"Esha, ni mimi. Usikate. Yule mwanamke aliyemo ndani..."

Esha alisikia maneno hayo matatu, mwanamke aliyemo ndani, na damu ikampanda kichwani. Kumbe leo anataka kumtuma akampelekee chakula mke mwenzake! Akakibwaga chombo. Fikirini alizungusha tena na tena, mpaka kule juu nguzo ikaanguka na waya ukafa.

Akamwachia Silvano gari. Akajifunika gunia kichwani, akaanza kushuka uwanda kwa miguu.

Kesho yake Esha alifika kazini na hasira zake, lakini saa zikienda kitu kilimkwaruza moyoni. Ile sauti haikuwa ya mwanaume anayebembeleza. Ilikuwa ya mtu anayezama. Akazungusha simu ya Newala, haikujibu. Adhuhuri Mwanne akaja ofisini, ametota.

"Shoga, yule wa ndani alikuwa anaugulia tangu jana. Sasa hatumsikii."

Esha alitoka mbio mvuani. Walilivunja kufuli kwa mchi wa Mwanne. Harufu iliwapokea mlangoni. Bi Somoe alikuwa chini, kando ya kitanda, mkono mzima umenyooka kukielekea kibuyu alichokipindua, midomo imepasuka, nguo zimelowa. Uso wake na uso wa Fikirini ulikuwa mmoja.

"Mama," Esha alisema, akapiga magoti kando yake. "Mama, nisamehe."

Alimnywesha maji kwa kijiko. Alipotaka kumvua zile nguo, mkono wa mgonjwa ulimshika kwa nguvu isiyotarajiwa.

"Wewe... ni Esha?" Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo. "Mwanangu amenitajia. Toka. Mkwe haniogeshi."

Esha alimtazama. Baridi ilikuwa inamwingia mama wa watu, na vidonda mgongoni vilikuwa vinatoa maji. Hakuwa na nafasi ya kufikiri.

"Mimi si mkwe wako, mama. Tumeshaachana na Fikirini. Sitaolewa naye. Mimi ni mfanyakazi wa kampuni, nimetumwa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Bi Somoe aliuvuta upindo wa kanga, akajifunika uso, na mkono wake ukalegea. Esha akamwogesha akiwa ameuma meno asilie.

Fikirini alifika kesho yake, miguu imevimba, tope mpaka kifuani. Alikuta mlango wazi, chumba kimefagiwa, mama amelala kwenye shuka safi, na Esha amekaa chini akimpepea.

"Ungeniambia," Esha alisema bila kugeuka.

"Nilitaka kukuambia. Ukakata."

"Nilikata. Mungu ananiona, nilikata. Na wewe ulifunga mlango ukaondoka na ufunguo."

"Niliufunga."

Fikirini alipeleka habari kwa Petro, na likizo aliyokuwa akiikwepa miezi yote ile ikapatikana hata kabla chai ya karani haijapoa. Alitoka nje, akakaa nyuma ya ofisi, akalia kwa sauti.

Basi wakamuuguza pamoja. Fikirini alichota maji, alipika uji, alimsomea mama yake Yasini akiwa amekaa mlangoni. Ya ndani aliyafanya Esha. Kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, mwana na mama waliweza kutazamana usoni, wakazungumza habari za Chiwata, za dada waliokufa, za mbuzi aliyekula msahafu. Lakini kifua cha Bi Somoe kilikuwa kimeshaingiwa na baridi ya ile sakafu, na kila asubuhi pumzi ilikuwa fupi zaidi.

Asubuhi moja Esha aliingia na lile beseni la maua ya waridi. Safari hii Bi Somoe hakujifunika uso. Alimtazama moja kwa moja.

"Ulinidanganya. Bado unampenda."

Esha aliliweka beseni chini. "Ndiyo, mama. Nilikudanganya."

Nje, Fikirini alikuwa akipasua kuni.

"Basi niogeshe, mkwe wangu," alisema. "Maji yasipoe."

Alifariki kabla ya Ijumaa. Wanawake walipoingia kumwosha, Esha alikuwa mmoja wao.

Arobaini ilipopita barabara ilikuwa imezibuliwa, na waya umesimamishwa. Kati ya Esha na Fikirini hakuna aliyezungumza la posa. Mama alikuwa amewapa ruhusa, lakini kila mmoja alilijua alilolifanya, na kila mmoja alimwogopa mwenzake kwa hilo. Kisha siku moja simu ikalia, na Petro, kama zamani, akaisukuma mezani. Esha aliitazama kama kitu kinachouma.

"Ofisi ya Masasi."

"Hapa Newala. Gari limefika salama. Esha, Silvano ana mtoto mgonjwa nyumbani. Mkewe ameelemewa. Anaona haya kwenda kwa Petro, nimemwambia habari zangu zote mbele ya wapakiaji, mpaka za kufumba macho. Hakuna aliyecheka. Tafadhali nenda leo."

"Naenda sasa hivi."

"Esha."

"Naam."

"Nikishuka nitapita Lupaso kwa mjomba wako na ile posa. Ukitaka nisipite, kata simu. Nitaelewa."

Esha alikishika chombo kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye ukosi mweupe wa gauni. Kwenye waya kulikuwa na mvumo wa upepo wa uwandani, na pumzi za mtu anayengoja.

"Sikati," alisema. "Endelea kusema, Fikirini. Sikati tena."