Mistari Arobaini Isiyosomwa

Ukumbi ulikuwa na waandishi wa programu mia nne na matundu ya umeme kumi na mawili, basi hali ilivyokuwa unaijua mwenyewe. Watu wazima na heshima zao walikuwa wamelala chini ya meza wakitafuta pa kuchomeka chaja. Kando ya nguzo alichuchumaa kijana mmoja mwenye shati la buluu lililokunjamana, kompyuta mapajani, betri imebaki asilimia nne.

"Aliyeandika hiki kitu ana roho mbaya," alinung'unika peke yake.

"Kitu gani?"

Aliinua macho. Mbele yake palisimama gauni la njano na raba nyeupe, nywele zimebanwa utosini kwa kalamu. Mkononi binti alishika ekstensheni ya matundu sita, na kwa ukumbi ule huyo alikuwa malkia.

"Kiunzi," kijana alijibu. "Unakijua? Unaandika kwenye faili kwamba unataka seva tano kule kwenye wingu, chenyewe kinakujengea. Ukifuta mstari, kinabomoa. Kitu kizuri, cha bure, dunia nzima inakitumia. Lakini ukikosea nukta moja tu, kinakutukana."

"Hakitukani. Kinakueleza kosa lako."

"Kwa matusi."

"Basi pole," binti alisema akimchomekea chaja. "Nilikiandika nikiwa na usingizi."

Kijana alitamani sakafu ipasuke. Binti akaketi chini naye, gauni la njano na vumbi havimshughulishi, akamuuliza mtandaoni anatumia jina gani. Alipolitaja, binti alicheka mpaka watu wakageuka. Kumbe ndiye huyu aliyeripoti kasoro hamsini na tatu za Kiunzi kwa miaka miwili, kila moja na ushahidi wake na picha zake, mpaka watumiaji wakambatiza Bwana Kasoro!

"Kumbe una sura," alisema. "Mimi nilidhani ni mzee wa miaka sabini, mwenye vidonda vya tumbo."

"Na mimi nilidhani wewe ni mwanamume."

"Wote hudhani."

Siku hiyo hawakusikiliza hotuba hata moja. Kufikia mwisho wa mwezi, Kasoro alikuwa amekufa na kuoza kwa binti yule.

Binti alikuwa mtunza seva wa kampuni fulani mchana, na jioni alikitunza Kiunzi bila malipo, katika chumba chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Programu ile ilikuwa huria: yeyote aliweza kuusoma msimbo wake, ile mistari inayoiendesha, kuunakili, kutuma marekebisho. Kasoro akaacha kulalamika, akaanza kutengeneza. Akampa binti jina la Mwenye Nyumba, kwa kuwa nusu ya dunia ilipanga kwake na hakuna aliyelipa kodi.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja. Hakuna badiliko lililotoka kwenda kwa watu kabla halijasomwa na mtu wa pili. Mmoja anaandika, mwingine anasoma na kutia sahihi kwa ufunguo wake wa siri, na wenye funguo walikuwa wao wawili tu. Mapenzi yao yalilelewa humo. Kasoro angetuma kazi yake, na jibu lingerudi likisomwa na kila mtu: "Mstari wa tisa umelewa." "Hapa ulisinzia, mpenzi." Watumiaji wa nchi za mbali walikuwa wakifuatilia majibu yale kama mchezo wa redio.

Hata mama yake Mwenye Nyumba aliingia humo, kwa simu.

"Wewe ndiye Kasoro?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jina gani hilo la kumpa mtoto wa watu? Mimi nitakuita mkwe."

"Nitashukuru sana, mama!"

"Usishukuru. Uje nikuone."

Alikuwa hajaenda bado mama alipoanza kuumwa, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa mchezo. Mwenye Nyumba akaomba likizo, akafunga begi kwenda kumuuguza katika mji mwingine, safari ya saa moja na nusu. Kituoni alimkabidhi Kasoro nakala ya ufunguo wake.

"Hii ni ya moto tu. Nyumba ikiungua na mimi sipatikani. Vinginevyo unanitumia, nasoma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Usiniite bosi. Niahidi."

"Nakuahidi, mpenzi."

Na alikuwa anamaanisha. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji amdhanie vingine.

Alhamisi Mwenye Nyumba alipiga simu. Mama alikuwa amezidiwa, ila akili yake ilikuwa safi, na alikuwa akimuulizia mkwe wake.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Usikose."

"Saa tatu asubuhi nipo hapo."

"Na shati lipigwe pasi, tafadhali. Nimeshakusifia mno."

Ijumaa ilikuwa siku ambayo watumiaji waliahidiwa toleo jipya. Kasoro alikuwa ameandika mistari arobaini ya kufagia mabaki: seva zisizo na mwenyewe, zilizosahaulika huko mawinguni, Kiunzi kizitambue na kuzibomoa. Aliisoma mara tatu. Akampigia Mwenye Nyumba ili aisome naye.

"Kuna nini?" Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala siku mbili.

Kasoro akamwonea huruma. "Hamna kitu. Nilitaka tu kukusikia."

"Nimechoka, Kasoro."

"Pumzika, mpenzi wangu. Huku kuna amani."

Na amani ilikuwepo kweli. Hakuna kilichoungua. Saa kumi alasiri akautoa ufunguo wa Mwenye Nyumba, akatia sahihi yake juu ya mistari ile, na toleo likaenda kwa watu. Alijiona mwanamume mwema, aliyembebea mwenzake mzigo. Jioni akapiga pasi shati.

Kiunzi kilitambua mali ya mtu kwa lebo. Seva isiyo na lebo kilihesabu ni takataka. Lakini watumiaji wa zamani, wale wa miaka ya mwanzo kabla Kasoro hajaja, hawakuwahi kuwekewa lebo. Hilo alilijua mtu mmoja tu, aliyekuwepo miaka hiyo. Angeliona palepale kwenye mstari wa kumi na mbili.

Jumamosi saa moja asubuhi Kasoro alikuwa anafunga vifungo vya shati simu ilipoanza kulia, na haikunyamaza tena. Maktaba ya shule imetoweka. Tiketi za kampuni ya mabasi hazipo. Maabara moja ya damu haioni majibu ya wagonjwa. Alilirudisha nyuma toleo lile ndani ya robo saa, lakini kilichobomolewa kilikuwa kimebomolewa. Akakaa mezani na shati lake lililonyooka, akaanza kujenga upya, huku akijiambia kwamba atamaliza kabla Mwenye Nyumba hajajua. Basi la saa moja na nusu likaondoka bila yeye.

Saa tatu ujumbe ukaingia: "Umefika wapi?"

Akaandika: "Niko njiani."

Saa nne Mwenye Nyumba akapiga. Kasoro alilitazama jina lake likiwaka kwenye kioo, hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea. Atamwambia nini? Amalize kwanza, ndipo amwombe radhi uso kwa uso.

Saa nane mchana kazi ikanyooka ghafla. Seva za watu zilikuwa zikirudi moja baada ya nyingine, hata zile za zamani ambazo yeye alishindwa kuzielewa. Akashusha pumzi, akapiga simu. Iliyopokea haikuwa sauti aliyoitarajia.

"Mimi ni mama yake mdogo. Piga baadaye, baba. Tumefiwa."

Kwenye mazishi alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla hajaonwa. Simu zake hazikupokelewa tena. Akafanya lile moja aliloliweza: aliandika mahali pa wazi, watumiaji wote wasome, kwamba sahihi ilikuwa ya Mwenye Nyumba lakini mkono ulikuwa wa Kasoro, na kwamba mwenzake hakujua lolote. Hakujitetea. Wengine walimtukana, wengine wakampa pole, na yote aliyasoma.

Miezi miwili ikapita. Alikonda mpaka kazini wakaanza kumuuliza kama anaumwa. Kisha ukaja ujumbe mfupi: "Njoo nyumbani kwa mama kesho, saa nne."

Usiku ule hakulala kwa furaha, maskini. Alipofika alimkuta mama mdogo mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Yuko chumbani, pita tu. Ngoja niwachemshie chai."

Mwenye Nyumba alikuwa amekaa kitandani, gauni jeusi lisilo na ua, akikunja nguo za marehemu na kuzipanga kwenye masanduku. Nywele alikuwa amezikata. Kasoro moyo ukamwenda mbio kana kwamba ni ile siku ya ukumbini.

"Kaa," alimwambia. "Mwanzo nilidhani ulijificha nyuma ya jina langu. Kwamba ulijua kuna hatari, ukataka lawama zije kwangu."

"Wallahi sikuwa na nia hiyo."

"Najua. Nimesoma uliyoandika. Najua ulitaka nipumzike." Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Ungekuwa mwizi ningekuchukia, nikalala. Wewe ulinionea huruma. Sasa nifanye nini na mtu aliyenionea huruma?"

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Mistari arobaini, Kasoro. Ningeisoma kwa simu, huku nimemshika mama mkono. Dakika kumi. Badala yake wenye seva walinitafuta mimi, kwa sababu sahihi ni yangu. Nikachukua kompyuta nikatoka koridoni. Saa nne nzima naelekeza watu nisiowajua, seva moja moja, kwa kuwa zile za zamani nazijua mimi peke yangu."

Kasoro akaelewa ni nani aliyezirudisha zile seva.

"Maabara ya damu ile," aliendelea, "ningeiachaje? Kuna mama wa mtu naye anasubiri majibu. Alipokata roho nilikuwa hatua kumi na sita kutoka kitandani kwake. Nilikwenda kuzihesabu baadaye."

"Mpenzi…"

"Subiri."

Lakini Kasoro hakuweza kusubiri. Alipiga magoti pale kati ya masanduku, akamwambia anataka kumuoa, kwamba ataacha kazi ile kama ndiyo inayomuumiza, hatagusa kompyuta tena, ahamie mji huo, afanye chochote. Maneno yalimtoka yamechanganyikana na machozi, na hakuona haya.

Mwenye Nyumba alimwekea kiganja shavuni. Alimpenda bado; hilo lilionekana wazi, na ndilo lililomtesa.

"Saa tano niliingia chumbani kuchukua chaja," alisema polepole. "Mama alifumbua macho. Akaniuliza, 'Mkwe amefika?' Na mimi nilikuwa nimeshauona msimbo wako, nimeshakupigia mara mbili. Nilijua hukuwa njiani. Lakini sikuwa na nafasi ya kumweleza, watu wananisubiri kwenye simu. Nikamwambia, 'Yuko njiani, mama.' Nikatoka. Ndilo neno la mwisho nililomwambia mama yangu, na halikuwa langu. Lilikuwa lako."

Mwenye Nyumba akakiondoa kiganja shavuni kwake.

"Kila ukinipigia nalisikia hilo neno. Siwezi kulala kitanda kimoja na hilo neno. Nimejaribu, miezi miwili nimejaribu. Nenda, mpenzi."

Alinyanyuka kutoka sakafuni, akatafuta mlango kana kwamba ameingia chumba kigeni. Sebuleni mama mdogo alikuwa anaweka vikombe vitatu kwenye sinia.

"Jamani, baba, mbona unaondoka? Chai hii hapa."

Kasoro akamshukuru kwa adabu zote, akasema ana haraka, basi litamwacha. Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi alasiri. Alikaa kituoni siku nzima.