Mchanga Mweupe wa Kikima

Kalondu aliuona mchanga alipokuwa akifagia chumba cha mwisho, kile cha mgeni mwenye taipureta. Ulikuwa mweupe na laini, wenye vipande vya kombe ndani yake, na ulikuwa umelowa. Alisimama na ufagio mkononi akiutazama. Udongo wa Kikima ni mwekundu, ule unaomfuata mtu kwenye viatu hadi kanisani, na kutoka milima hii ya Mbooni mpaka baharini ni safari ya kutwa nzima. Akausukuma nje kwa mlango wa nyuma, akawalaani wapangaji wote kwa jumla, akaendelea na kazi.

Loji hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, Kivuva. Ilikuwa na vyumba vichache na mlango mkubwa wa barabarani, na juu ya mlango huo Kalondu alipachika mbao mbili alizoziandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Ubao wa nje ulisema KARIBU. Ubao wa ndani, ambao mgeni aliuona akitoka, ulisema KARIBU TENA. Alizionea fahari mbao hizo. Wenzake wenye loji waliandika majina tu, yeye aliandika maneno ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mgeni mwenyewe alifika mwezi wa saba mwaka wa 1986, wakati ukungu unapolala barabarani mpaka saa sita mchana. Alisema anatoka Kingston, Jamaika, na vijana wa stendi wakampenda hata kabla hajaketi. Kazi yake, alisema, ilikuwa popote alipoiweka taipureta. Aliyaandikia magazeti ya ng'ambo habari za miji: pa kula, pa kutembea, mambo ya kufanya. Akimaliza mji mmoja, alihamia mwingine.

Nzilani, binti wa pekee wa Kalondu, alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kilikuwa kinaota kutu. Basi yeye ndiye aliyemtembeza. Alimpeleka sokoni siku ya parachichi, akampeleka kwenye mechi, akampandisha kilimani kutazama bonde la Tawa. Mgeni alisoma kwa sauti kila kibao alichokipita, cha kinyozi, cha posho mili ya kusaga unga, cha zahanati, akitabasamu kama mtu anayesalimiwa. Jioni alimsimulia Nzilani habari za kwao: soko la bandarini asubuhi, samaki wa kukaanga na ndizi, muziki barabarani jua likizama. Kisha aliuliza swali lake lile lile.

"Na kesho? Kuna nini cha kufanya?"

Tuseme ukweli, Kikima si mji wa kumshughulisha mtu mwezi mzima. Mambo yaliisha. Asubuhi moja walikuta chumba kitupu, kitanda hakijalaliwa, taipureta imebaki mezani. Hakuaga mtu. Kalondu aliudhika sana, maana kwake mtu anayeondoka bila kuaga ni sawa na mtu anayetema mate mlangoni. Akakifunga chumba kwa kufuli na kutia ufunguo kifuani.

Alasiri ile ile, ndani ya chumba kilichofungwa, taipureta ikaanza kugonga.

Iligonga polepole, kama mtu anayefikiri. Harufu ikafuata, harufu ya chumvi na samaki aliyeoza, ikipita chini ya mlango pamoja na mchanga. Kalondu alifungua kufuli. Hakukuwa na mtu. Alipogeuka alimkuta Nzilani amesimama nyuma yake, macho yamelegea.

"Mwaitu," Nzilani alinong'ona, akimwita mama yake Kikamba kama kawaida yake, "huyo mtu hajaenda."

"Ameenda. Nyamaza, wateja watasikia."

"Hajaenda. Ananiambia vile kwao kuko. Asubuhi mtu anaenda soko, lakini hiyo soko iko chini, chini sana. Watu wanatembea pole pole, na nywele zao zinasimama juu, zinacheza hivi." Akainua vidole vyake na kuvitikisa taratibu. "Anasema sisi tulimwonyesha kwetu. Sasa ni yeye atanionyesha kwao."

Kalondu aligusa kichwa cha mwanawe. Nywele zilikuwa zimelowa, na aliporamba kidole alionja chumvi. Aliogopa. Hakuogopa hivyo hata siku Kivuva alipokata roho mikononi mwake.

Tangu siku hiyo Nzilani alianza kukohoa maji. Wapangaji walihama mmoja mmoja. Maji ya tangi la loji yakageuka ya chumvi, na Mumbua, mwenye hoteli ya jirani, alisimama barabarani mchana kweupe akapaza sauti ili mji wote usikie.

"Wewe Kalondu, toa huyo mtoto hapa! Unataka atuue sisi wote? Mpeleke huko mlinunua hiyo jini!"

"Sijanunua kitu, Mumbua."

"Basi ilikuja na miguu yake? Toka kwa hii laini yetu ya maduka!"

Watu waliokula kwa Kalondu miaka na miaka walitazama chini. Wengine walitupa mawe kwenye mabati, si makubwa, ya kumjulisha tu.

Wamama wa kanisa walikuja kuomba, na hilo walifanya kwa moyo, tuwape haki yao. Walimzunguka Nzilani kitandani, wakaimba. Naye akaimba pamoja nao. Aliimba kila ubeti kwa sauti nzito ya kiume, akipiga makofi, akifurahi kweli kweli, na walipofika amina aliketi, maji yakimtiririka kidevuni, akawauliza, "Hii nimeipenda. Na kesho? Kuna nini cha kufanya?" Wamama walitoka wakisukumana mlangoni, na mmoja aliacha kiatu chake ambacho hakurudi kukichukua.

Ndipo Kalondu, mweka hazina wa chama cha wamama hao hao, alipojifunika leso na kwenda duka la Mwalimu Abdulkadir. Mzee huyo alizaliwa Kitui kwa wazazi kutoka pwani, aliuza vitambaa na mafuta ya taa, na nyuma ya duka aliwafundisha watoto Kurani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ni nani aliyemsindikiza?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Alienda bila kuaga."

"Basi hakwenda. Hao wa baharini wana adabu zao, Mama Nzilani. Aliingia kwa kukaribishwa, atatoka kwa kusindikizwa."

"Na hiyo Kingston yake?"

"Kingston wapo watu kama mimi na wewe, wana watoto wao na shida zao. Huyu aliazima jina tu."

Alimpa masharti. Watoke mchana, kwa mlango mkubwa, kama watu wanaomtoa mgeni wa heshima. Wambebee mzigo wake. Waongee naye vizuri mpaka mteremko wa Tawa, wamwache hapo. "Na jambo moja tu," Mwalimu alisema. "Nyumba yako isimwalike tena. Umezoea maneno ya kumwambia mgeni arudi, najua. Uyameze."

Kesho yake walitoka. Mwalimu alitangulia akisoma kwa sauti ya chini, Kalondu akafuata na taipureta kichwani, na Nzilani katikati yao akitembea kwa hatua za mgeni, hatua ndefu ambazo si zake. Kwenye kizingiti alisimama kidogo, akainua macho juu ya mlango, midomo yake ikachezacheza, akatabasamu. Kalondu alimvuta mkono wakaendelea, wakapita kwa Mumbua aliyefunga madirisha, wakapita posho mili iliyozimwa ghafla, na njia nzima Kalondu aliongea, aliongea habari za mvua na mahindi na bei ya sukari, huku maneno yale ya kila siku yakimpanda ulimini kila alipovuta pumzi, naye akiyameza, akiyameza, mpaka ukungu wa mteremkoni ukawafunika na harufu ya samaki ikawa nzito.

Aliiweka taipureta kando ya barabara. Sauti nzito ikatoka kinywani mwa Nzilani.

"Asante, mama. Mmenitunza vizuri."

Jibu la miaka yote ya loji lilimjaa Kalondu mdomoni. Akauma ulimi mpaka damu.

"Nenda," alisema.

Nzilani alianguka kama gunia. Alipofumbua macho, macho yalikuwa yake. "Mwaitu, niko na njaa," alisema, na Kalondu akalia kwa sauti pale barabarani bila aibu yoyote.

Nyumbani alimpakulia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani kubwa. Mwalimu aliketi kunywa chai, uso ameuelekeza kwenye mlango mkubwa. Ukungu ulikuwa umeingia mapema siku hiyo. Kikombe chake kilisimama kabla hakijafika mdomoni.

"Mama Nzilani. Ubao ule aliuandika nani?"

Kalondu alitazama alikotazama yeye. KARIBU TENA. Rangi nyekundu, mwandiko wake mwenyewe. Akakumbuka kule kusimama kizingitini, midomo ikichezacheza, lile tabasamu la mtu anayesalimiwa.

Nzilani aliacha kutafuna. Kitu kilikwaruza kati ya meno yake. Alitema kiganjani, na kati ya punje za mahindi kulikuwa na mchanga mweupe.

Nje mtu alipangusa viatu, kwa adabu.

"Hodi."

Kalondu aliruka akamziba Nzilani mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu alitikisa kichwa: asijibu mtu. Wakakaa hivyo, watu watatu wamebana pumzi, na Kalondu alihisi nywele za mwanawe zikianza kulowa shavuni pake. Ndipo Kalondu alipokumbuka ubao wa pili, ule wa nje, ulioning'inia juu ya kichwa cha aliyebisha.

Nje huko, polepole, sauti nzito ilisoma neno lililoandikwa juu yake. Komeo likainuka.