Kilemba cha Mwinyi Ngwali

Zama za Wareno, kabla ngome zao hazijaota magugu, mji wa Shangavu ulikuwa chini ya Dom Gaspari, mpanda farasi aliyevaa chuma toka utosini hadi unyayoni. Alikuwa dhalimu hasa. Baba wa mtoto mmoja, Msham, alimpigia magoti mlangoni pa msikiti akiomba amani, naye akampitishia upanga huku anacheka.

Msham akalelewa na Mwinyi Ngwali, bingwa wa mkuki na ngao. Mzee alimfundisha yote aliyoyajua, ila subira haikumwingia.

Siku ya mapambano ilipowadia, walimchokoza Mreno asubuhi, maji ya bahari yametoka, kisha wakakimbilia mikokoni. Gaspari akawafuata kwa ghadhabu, asijue kuwa tope la pale humbeba mtu mwepesi tu. Farasi alikwama, akamtupa bwana wake, na chuma kikamdidimiza hadi kifuani. Nayo maji yalikuwa yanarudi.

"Amani!" alilia. Neno hilo alilijua. Alikwisha kulisikia mara nyingi.

Mwinyi Ngwali akavua kilemba, akamrushia ncha moja. Shangavu hapakuwa na ahadi kubwa kuliko hiyo: aliyeshika kilemba cha mtu yu katika dhamana yake. Mreno akakikumbatia kwa mikono miwili.

"Mwinyi, huyu ndiye aliyemuua baba!"

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwosha. Lakini adui aangukapo, mnyanyue."

"Na baba alinyanyuliwa na nani?"

 Mzee aliendelea kuvuta, mishipa ya shingo imemtoka. Msham akarusha mkuki, ukapita juu ya ukingo wa deraya yake ya chuma na kumwingia Mreno kooni. Kilemba kikalegea mikononi mwa mzee.

Siwa ikapulizwa, vigelegele vikapasua mji, Msham akabebwa mabegani. Nani angewalaumu? Mimi siwezi. Hatimaye akaenda kumtafuta mwalimu wake, akamkuta anafunga mzigo, kichwa wazi.

"Wanakungoja, Mwinyi. Ushindi huu ni wako pia."

"Ushindi ni wako. Dhamana ilikuwa yangu, na niliyemlea mwenyewe ameivunja. Kesho mtu akiniomba amani, nimpe nini?"

Akashika njia ya bara, asirudi tena. Msham alilia kama mtoto.

Baadaye Msham akawa amiri wa vita, na nyimbo za Shangavu zinavitaja vita vyote alivyoshinda. Zisichokisema ni kwamba habari za kilemba kile zilienea pwani nzima. Hakuna adui aliyemwomba amani tena. Walipigana hadi mtu wa mwisho, na vijana wetu wakafa pamoja nao.