Kitasa Kilichopona Chenyewe

Dawa ya maumivu hainuki mnanaa. Muuguzi alilijua hilo tangu chuoni, ndiyo maana Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi, alipofungua kichupa cha mgonjwa wake na harufu tamu ikampanda puani, alivimwaga vidonge vyote kiganjani. Kumi na nane, idadi ileile iliyopaswa kubaki. Akagusa kimoja kwa ulimi. Ilikuwa pipi, zile ndogo nyeupe za kutafuna ukishakula vitunguu.

Bibi aliyelala kitandani alikuwa na saratani ya mifupa. Usiku kucha alikuwa amelia, na binti yake, mwalimu wa hesabu, alimpa vidonge viwili saa tatu na viwili tena saa tisa, akamwambia ajikaze. Pipi nne kwa saratani ya mifupa! Maana yake kuna mtu alisimama dukani, akageuzageuza pakiti, akachagua zinazolingana na vidonge vya mamaye mtu.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyotangulia kichupa kizima kilitoweka, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Kwa hiyo Jumamosi Mwalimu alinunua pakiti ya funguo mpya na pini, vile vijipande vya chuma vya ndani ya kitasa, akakibadilisha kitasa cha mlango wa mbele mwenyewe. Funguo zote za zamani zikakusanywa kwenye kopo. Mpya zikawa mbili tu.

"Mmoja ninao mimi," Mwalimu alisema kwa hasira. "Jana nilikuwa darasani tangu saa moja hadi saa kumi. Wa pili unao wewe, dada. Niambie sasa nimfikirie nani?"

"Jana mchana vidonge vilikuwa vya kweli, nilimpa mwenyewe. Saa nane niliondoka saa nzima kwenda zahanati kufuata bandeji," muuguzi akajibu. "Bibi alikuwa amelala, nikafunga mlango. Na ningekuwa mimi mwizi, ningekuita asubuhi hii nikwambie zinanuka?"

"Labda uliona nitagundua."

Muuguzi anayeshikwa na wizi wa dawa za mgonjwa hapewi tena leseni, mbali na jela yenyewe. Mwalimu alikuwa ameshapiga simu polisi, na askari aliahidi kufika saa tisa alasiri.

"Msimpeleke polisi msichana wa watu," Bibi alisema kutoka kitandani. Wakadhani ni huruma za wagonjwa.

"Basi ombi moja," muuguzi akasema. "Kabla askari hajaja, aitwe fundi wa vitasa. Nitamlipa mimi."

Fundi alifika saa saba na nusu. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mtaani wanamwita Mama Silinda, na mdomo wake hauna breki. Alimkuta Mwalimu jikoni, muuguzi kasimama kama mshtakiwa, na kaka wa Mwalimu, aliyekuja kufariji familia, kakaa karibu na jiko na kikombe cha chai. Huyo kaka, karani wa ofisi fulani, nyumba nzima ilimwita Bwana Pole. Kila akimtembelea mamaye alimshika mkono na kurudia "Pole, mama, pole sana", mpaka neno lenyewe likachosha masikio.

Fundi aliingiza ufunguo mpya mlangoni. Ukazunguka bila hata kelele. Akakunja uso.

"Nani alikibadilisha hiki?"

"Mimi," Mwalimu akasema. "Maelekezo yalikuwa ndani ya pakiti."

"Haya, nieleze ulivyofanya. Usinifiche kitu, hata cha aibu."

"Nilitoa silinda, hicho kibomba kinachopokea ufunguo, nikachomoa klipu ya nyuma, nikakisukuma kwa kalamu kiini chake kinachozunguka. Springi zikaruka. Moja niliikuta kwenye sukari."

Fundi akacheka hadi akashika kiuno. "Kila anayeanza huanzia hapo! Kiini husukumwa kwa kifimbo chenye unene uleule, pini za juu zisipate pa kuangukia. Halafu?"

"Nikaziokota zote. Nikapanga pini za chini kufuata namba za ufunguo mpya, nikarudisha. Ufunguo ukaingia lakini ukagoma kuzunguka. Nikatia mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia."

"Lo! Mwalimu, kitasa si kikaango."

"Basi ndiyo nilivyofanya! Mpaka Jumapili asubuhi ilibidi nikitikise mara tano ndipo kifunguke. Kidole kilichubuka. Ila tangu Jumapili jioni kiko sawa kabisa. Nadhani mafuta yalipenya."

"Mafuta ya kupikia huganda na vumbi, hayatengenezi kitu." Fundi akaichukua bisibisi yake. "Na kitasa si mafua, kwamba kitapona chenyewe ukikiacha. Tukifungue."

Alitandika gazeti mezani karibu na dirisha, akatoa silinda, akakisukuma kiini taratibu kwa kifimbo. Wote wakainama. Kiini kilikuwa na mashimo matano.

"Uliweka pini ngapi?"

"Tano za chini na tano za juu. Hesabu ndiyo kazi yangu."

"Humu zimo mbili chini na mbili juu. Mashimo matatu ni matupu."

Bwana Pole akaweka kikombe chini, akatikisa kichwa kwa upole. "Makosa ya mtu anayejifunza. Pole, mdogo wangu."

"Subiri na pole zako," fundi akasema. "Nipeni ufunguo mmoja wa zamani."

Mwalimu akatoa wake kwenye kopo. Fundi akaushika pamoja na ule mpya, akazielekeza funguo zote mbili kwenye mwanga.

"Kila jino la ufunguo hunyanyua pini ya shimo lake. Pini zikinyanyuliwa sawasawa, kiini kinazunguka. Moja ikikataa, hakizunguki. Sasa tazameni. Jino la kwanza la funguo hizi ni sawa. La nne ni sawa. La pili, la tatu na la tano yanatofautiana. Na mashimo matupu ni yapi?"

Muuguzi ndiye aliyejibu. "La pili, la tatu na la tano."

"Umeona, mwanangu? Anayekosea hukosea ovyo. Huyu hakukosea. Alikuwa na ufunguo wa zamani mkononi, akazitoa pini zile tu zilizoukataa. Kitasa kikawa laini, na mwenye nyumba akafurahi."

Akairudisha silinda ilivyokuwa, akaingiza ufunguo wa zamani. Ukazunguka.

"Jirani!" Mwalimu akaruka. "Tulimwachia ufunguo wa dharura miaka mitatu! Na jana watoto wa mtaani walimwona mlangoni kwetu saa nane na robo!"

Hakungoja ushauri. Dakika mbili baadaye jirani, mzee mstaafu, aliletwa jikoni akiwa na kandambili na povu la kunyolea ndevu shavu moja.

"Nilikuja kumjulia hali mgonjwa," alisema. "Nikagonga, kimya. Ufunguo si nilishawarudishia? Una uzi wa bluu, niliufunga mwenyewe."

Fundi akatazama ndani ya kopo. Ufunguo wenye uzi wa bluu ulikuwemo. Akaulinganisha na wa Mwalimu, meno yaleyale. "Mzee, umewahi kuingia ndani ya nyumba hii tangu Jumamosi?"

"Sijaingia tangu mwezi jana. Na mkitaka kunipekua, mniache kwanza nimalize shavu la pili."

Mwalimu akaomba radhi, na mzee akaondoka akinung'unika. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Kwa hiyo swali si nani aliingia jana," fundi akasema. "Swali ni nani alikuwa peke yake na kitasa hiki Jumapili, kabla ya jioni. Kutoa silinda na kuirudisha kunataka muda."

"Jumapili mimi huwa sipo kazini," muuguzi akasema.

Mwalimu alianza kujibu, akasita. "Nilienda sokoni saa nne. Nilirudi saa saba." Akageuka taratibu. "Alibaki kaka."

"Nilibaki na mama yangu! Nalo ni kosa?" Bwana Pole akasimama. "Jamani, mimi nilikataa hata kupewa ufunguo mpya, nisije nikashukiwa!"

"Hapo ndipo uliponitia shaka," fundi akasema. "Uutake wa nini, na wa zamani unafungua?"

"Wa zamani niliurudisha. Uko kwenye kopo hilohilo!"

Fundi akalimwaga kopo mezani. Wa uzi wa bluu ulikuwa wa jirani. Muuguzi akauonyesha wake wa zamani, wenye kibandiko cha namba ya simu. Ukabaki mmoja usio na alama. Fundi akauweka juu ya wa Mwalimu. Urefu ulikaribiana, lakini meno hayakufanana hata moja.

"Huu ni wa kabati la faili. Haujawahi kufungua mlango wa nyumba tangu uzaliwe. Naomba funguo zilizo mfukoni mwako."

"Wewe ni fundi tu, huwezi kunipekua."

"Kaka, toa," Mwalimu akasema.

"Mdogo wangu, unamsikiliza huyu..."

"Toa!"

Kijasho chembamba kilimtoka puani. Akatoa. Wa tatu kwenye kishada ulilingana na wa Mwalimu jino kwa jino, na mlangoni ukazunguka mara ya kwanza. Bwana Pole alirudi kitini, na badala ya kuona haya, akaanza kusugua kiuno.

"Mgongo unaniua," alisema. "Tangu ile ajali silali. Daktari amekataa kuniandikia tena, anasema nimezoea. Kile kichupa cha kwanza kilinipa usingizi wa wiki nzima. Nifanyeje? Kesho nina kazi. Mama... jamani, tuseme ukweli, mama anakwenda. Dawa nzuri vile imalizikie kwa mtu anayekwenda?"

"Na muuguzi?" dada yake akauliza.

"Angepewa onyo. Vijana hawa hupata kazi nyingine."

"Na pipi?"

"Nilichagua zisizo na madhara," akasema, akiwatazama mmoja mmoja kana kwamba anasubiri ashukuriwe. "Hata sukari hazina."

Fundi alikwenda dirishani akatema mate nje. Katika miaka ishirini na sita alikuwa ameona majambazi wakivunja milango na ndugu wakifungiana nje siku ya mazishi. Hakuna kilichowahi kumtia kinyaa kama hizo pipi zisizo na sukari.

"Mwacheni," sauti ikatoka chumbani.

Wakaingia. Bibi alikuwa macho, midomo imekauka kwa maumivu. "Jana nilimwona akimwaga kichupa. Nikafumba macho. Usiku uliponipa, nikajua ni pipi. Nikameza."

"Mama! Ulilia usiku kucha!"

"Ni mwanangu. Apate usingizi."

Muuguzi alisogea hadi miguuni mwa kitanda. Wiki kumi alikuwa akimwogesha mwanamke huyu, akimgeuza asichubuke mgongo, akimlisha kwa kijiko. "Na mimi, Bibi? Ulisikia wakiniita mwizi. Leo ningelala mahabusu."

"Nilisema wasikupeleke."

"Hukusema kwa nini."

Bibi alimtazama usoni. "Wewe si mwanangu," akasema.

Muuguzi akatoa kwenye mkoba dozi ya pili kati ya zile alizoletewa na zahanati asubuhi ileile, akampa, akamwinulia kichwa anywe maji. Akaandika daftarini: saa nane na dakika hamsini na tano.

Mlango ukagongwa. Bibi akaudaka mkono wa binti yake. "Mwambie askari tumekosea. Ni kaka yako."

Mwalimu akauchomoa mkono, kidole kimoja baada ya kingine, akaenda kufungua. "Karibu, afande. Niliyemtaja kwenye simu hana kosa, nilimsingizia. Mwenyewe ni yule aliyekaa pale."

Bwana Pole alitolewa akilalamika mgongo. Fundi alibaki akikisafisha kiini mafuta, akaongeza pini zake mpaka zikatimia kumi, akajaribu ufunguo kabla hajarudisha klipu. Alipoulizwa gharama alisema hataki kitu humu ndani, hata maji ya kunawa.

Bibi alikuwa ameugeukia ukuta. Mwalimu alipomletea uji, alifunga mdomo. Alipojaribu kumrekebisha mto, alimsukuma kwa kiwiko. Saa kumi na mbili zamu ilipoisha, ni muuguzi aliyemgeuza kwa mara ya mwisho, akamfunika, akachukua mkoba wake.

"Nisamehe, dada," Mwalimu akasema mlangoni. "Kesho utakuja? Hataki kuguswa na mimi."

"Kesho tafuta mwingine," muuguzi akasema. "Na huyo mwambie tu mapema kwamba yeye si mwana wa Bibi."