Ufunguo Wangu ni Mzima

Jua lilikuwa linazama tulipomtoa Athanase morgue, chumba cha maiti cha hospitali. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa: kumchukua marehemu, kumpeleka nyumbani kwake Mudzipela, watu wamlilie, kesho yake azikwe. Familia ilikodi gari langu kwa sababu mimi ni fundi wa umeme wa magari, na nilikuwa nimewahakikishia, tena kwa sauti, kwamba gari la Liévin halimwachi mtu njiani.

Nilisaidia hata kumlaza kwenye sanduku. Niliinama na ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba, kama kawaida yangu, nikamshika mabega. Alikuwa baridi, ananuka formol, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Mikono yake ililazwa kifuani na rozari juu yake. Vidole vilikuwa vimenyooka, nakumbuka vizuri.

Tulikunja viti vya nyuma, tukaingiza sanduku. Dorothée, mjane wake, akakaa chini kando yake, kiganja juu ya mbao. Kando yangu mbele akapanda Régine, dada mkubwa wa marehemu. Athanase alishikwa na tumbo, akafa ndani ya wiki moja, na tangu siku hiyo Régine anasema waziwazi kwamba mwanamke yule amemla mume wake kwa uchawi.

Nikazungusha ufunguo.

Injini ikanguruma... ikafa.

Taa nyekundu ikaanza kupepesa haraka kando ya usukani. Nilijua ni nini. Ndani ya kichwa cha ufunguo wa gari kama langu kuna puce, kitu cha kioo kidogo kama punje ya mchele. Gari lisipoisoma, linaizima injini na kujifungia kama limeshikwa na mwizi. Wiki ile kichwa cha ufunguo wangu kilikuwa kimepasuka, nami nikakizungushia utepe mweusi nikisema nitakitengeneza kesho. Puce ikawa inacheza mle ndani. Mara gari linawaka, mara linakataa. Mteja angeniletea ufunguo wa namna ile ningemgombeza.

Nikajaribu tena. Nikaugeuza huku na huku, nikaukandamiza. Tik... tik... Harufu ya formol ilikuwa imejaa mpaka ulimini.

Régine akanishika mkono.

"Acha," akasema kwa sauti. "Anakatala kwenda."

Waombolezaji waliokuwa wakitungoja langoni walilipokea neno lile bila kuuliza. Kwetu jambo hilo halina maelezo marefu: marehemu akiwa na kinyongo, gari halitoki mpaka mwenye kosa aseme. Baudouin, mdogo wake, akaja dirishani, akavua kofia.

"Yaya Athanase, kaka yangu, unisamehe. Nilikutukana juu ya ile shamba ya Aveba. Tuende kwako sasa."

Nikazungusha. Ikanguruma... ikafa.

Ndipo Gauthier alipotoka kwenye kundi. Ni fundi mwenzangu, karakana zetu zinatazamana, na juzi tu nilimcheka mbele ya wateja kwa sababu ya gari alilolisukuma barabara nzima. Aliinama dirishani kwangu. Hakucheka hata kidogo.

"Angalia ufunguo yako, ndugu," akanong'ona. "Ile taa iko inapiga mbio."

Masikio yaliniwaka moto. Mbele ya watu wote wale, Gauthier ndiye aje anifundishe kazi?

"Ufunguo yangu iko muzima!" nikasema, kila mtu akasikia.

Nilisema hivyo huku kidole changu kikigusa utepe.

Régine akageuka nyuma. "Munasikia? Fundi amesema. Motokari haina ubaya. Dorothée, sema."

Dorothée aliinama mpaka midomo yake ikakaribia sanduku. Jenereta ya morgue iliendelea kunguruma.

"Athanase... sikukufanyia kitu. Weye unajua. Tuende, batoto banatungoja."

Nikazungusha.

Ikanguruma...

Ikafa.

Mwanamke mmoja akapiga yowe nje. "Shuka," akasema Régine. "Hautalala tena mu nyumba ya ndugu yangu. Na batoto banabakia kwetu."

Dorothée hakumtazama Régine. Alinitazama mimi, kwenye kioo. Sema, Liévin. Neno moja tu, ufunguo, na mama huyu arudi kwa watoto wake. Lakini Gauthier alikuwa amesimama pale amekunja mikono, nami nikaona haya. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Alikuwa anashuka, viatu mkononi. Nikajichukia kupita kiasi, nikafungua mdomo. Naapa, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Mguu wake ukagusa chini.

Injini ikawaka.

Ikaendelea kuwaka, laini kabisa, na taa nyekundu ikazimika. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo; labda niliuzungusha bila kujua. Sikumbuki. Ninachokumbuka ni furaha. Gari limewaka, Gauthier hatanicheka! Nilifurahi hivyo, huku kwenye kioo nikimwona Dorothée anabaki kwenye vumbi.

Nyumbani sanduku liliwekwa sebuleni, likafunguliwa ili watoto wamwone baba yao. Dorothée alifika kwa miguu, wakamzuia mlangoni. Régine akainama kuinyoosha rozari. Akarudi nyuma ghafla.

"Nani amemukunja vidole?"

Mkono wa kulia wa Athanase ulikuwa ngumi.

Régine akaufungua kidole kimoja kimoja. Vililia kama vijiti vikavu. Katikati ya kiganja kulikuwa na kitu cha kioo, kidogo kama punje ya mchele...

"Dawa!" akapaza sauti. "Mumeona? Alikuwa naye kule nyuma, yeye peke yake!"

Wanaume wawili wakamkamata Dorothée mikono. Nje mtu akaokota jiwe. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango, nikaushika ufunguo wangu kifuani. Utepe ulikuwa umelegea. Nikaubandua pale pale.

Ndani hamkuwa na kitu.

"Ile kitu ni ya kwangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikaeleza yote: kichwa kilichopasuka, utepe, jinsi nilivyomdanganya Gauthier na kuwadanganya wote. "Ilianguka wakati niliinama kumulaza. Motokari ilikatala juu ya hiyo tu. Bila hiyo puce haiwezi kuwaka hata siku moja. Muulizeni Gauthier."

"Ni kweli," Gauthier akasema kutoka kati ya waombolezaji.

Walinitazama wote, na nilitamani sakafu inimeze. Lakini wale wanaume walikuwa wameanza kumlegeza Dorothée, nikaona afadhali aibu hiyo.

Régine hakupiga kelele. Aliisogeza puce kwenye taa, akaigeuza.

"Bila hii haiwezi kuwaka," akasema polepole.

"Haiwezi."

"Na hii ilikuwa mu mukono ya Athanase."

"Ndiyo, mama."

"Basi, fundi. Ile wakati Dorothée alishuka... nani aliwasha motokari?"

Nilimgeukia Gauthier, naye akatazama chini. Kazi yangu yote ni kujibu swali kama lile, nami nikabaki nimeshika ufunguo mtupu. Wale wanaume wakamshika tena Dorothée, sasa kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Alipopitishwa mbele yangu alikaza miguu kidogo.

"Papa Liévin," akanong'ona. "Ungesema kule."

Usiku ule walimfukuza; sasa Dorothée analala kwa dada yake, ng'ambo ya mji, bila watoto. Gari langu bado liko langoni kwa marehemu; sijathubutu kuliondoa. Betri niliitoa siku ya pili. Ile taa nyekundu bado inapepesa.

Watoto wa Dorothée wanacheza kando yake. Jana jioni mkubwa wao aliniuliza, "Papa, motokari yako inakatala juu ya nini?"

"Ufunguo yangu iko mubaya," nikamjibu, na nikashangaa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi kusema.