Kaka Aliyekufa kwa Surua

"Kwetu hakuna mtoto wa namna hii! Hakuna, na hajawahi kuwepo!"

Bi Pili aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, kanga kaifunga kifuani kama mtu aliyekuja kupigana. Alikuwa ameteremka kutoka Kinole, juu milimani Uluguru, kwa lori la ndizi, na hata maji aliyokaribishwa hakuyagusa. Mkwewe, Chausiku, alikuwa chini kwenye mkeka, amemshika mtoto asijigonge kichwa ukutani. Jirani alikuwa anapasua kuni. Kila shoka lilipotua, Mwanaidi aliziba masikio na kupiga yowe.

"Shikamoo, mama," Chausiku alisema.

"Shikamoo yako kaa nayo. Mtoto anakwenda mwaka wa nne, hajasema hata 'mama'. Hamtazami mtu usoni. Anatembea kwa ncha za vidole kama mwizi. Mnampeleka wapi?"

"Tumempeleka kila mahali, mama. Kwa sheikh wa Msamvu, kwa mganga wa Mkuyuni..."

"Hujampeleka kwenu! Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Uchafu huu uko kwenye lukolo, kwenye ukoo wenu. Kawaulize wajomba zako walimfanya nani nini!"

Chausiku aligeuka kumtazama mumewe. Mwinjuma alikuwa kwenye kigoda, anafunga kamba za viatu ambazo alikwisha kuzifunga.

"Baba Mwanaidi, sema neno."

"Mama amechoka na safari," Mwinjuma alijibu bila kuinua uso. "Tuyaache."

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane, pale Bigwa, chini ya mlima. Siku hizi hali ya Mwanaidi ina jina, inaitwa usonji. Miaka ile majina yake yalikuwa mengi, na yote yalikuwa matusi.

Mwinjuma na Chausiku walikuwa wamependana sana. Walikutana kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kipindi kile cha njaa, mbele ya duka la ushirika. Mwinjuma, fundi wa mitambo kiwandani, mcheshi, alimwachia nafasi yake kwenye foleni, akarudi nyuma kabisa, na unga ukaisha kabla hajafika. Chausiku alicheka mpaka akampa nusu ya unga wake. Tangu hapo hawakuachana. Jioni walikaa ukingoni mwa mto wakisimuliana habari za kwao.

"Nyumbani mko wangapi?" Chausiku alimuuliza wakati huo.

"Mimi peke yangu. Nilikuwa na kaka, Rehani. Alikufa kwa surua tukiwa wadogo."

"Masikini. Mungu amrehemu."

"Amina," Mwinjuma alisema.

Bi Pili aliporudi Kinole, Chausiku alisikia kuna daktari wa watoto amekuja mjini kutoka Dar, mwanamke, Daktari Angelina. Alimbeba Mwanaidi mgongoni, akamburuta na mumewe. Daktari hakuwa na haraka. Alikaa chini sakafuni, akamtazama mtoto anavyozungusha kifuniko cha sufuria, anavyogeuza shingo akisikia muhuri ukigongwa mezani lakini si akiitwa kwa jina.

"Mama, nani amekwambia ni kosa lako?" daktari aliuliza.

Chausiku alianza kulia kabla hajajibu. "Wote, daktari. Wanasema nina mizimu. Wengine wanasema sikumpenda tumboni."

"Hata vitabu vyetu vingine vimeandika hivyo, kwamba mama ni baridi, hana upendo. Mimi siamini. Wazungu wanaiita otizimu. Sasa wataalamu wameanza kuchunguza mapacha, na inaonekana jambo hili hutembea ndani ya familia, kama urefu au mwanya wa meno. Linaweza kupitia kwa baba, linaweza kupitia kwa mama, linaweza kupitia kwa wote wawili. Wala halijajulikana lote. Lakini hakuna aliyelitenda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi niambieni. Katika familia zenu kuna mwingine wa namna hii? Asiyesema, au anayekaa peke yake, anayeogopa kelele? Siulizi kwa kumlaumu mtu. Nikijua, nitajua namna ya kuwasaidia."

"Kwetu hakuna," Chausiku alisema. "Nimeuliza hadi kwa bibi."

"Na wewe, baba?"

"Hakuna," Mwinjuma alisema.

Haikupita wiki, msimamizi wa kiwanda akamwita Mwinjuma ofisini.

"Simu yako! Daktari!"

Mwinjuma alifuta grisi mikononi, akashika mkono wa simu.

"Bwana Mwinjuma, nilikuuliza mbele ya mkeo," sauti ya Daktari Angelina ilisema. "Sasa nakuuliza ukiwa peke yako. Nilikuona ulivyobadilika uso. Kuna mtu?"

Mwinjuma aligeuka kutazama kama msimamizi anasikia.

"Haloo? Bwana Mwinjuma?"

"Hakuna mtu, daktari. Asante."

Akakata.

Miezi ilipita. Bi Pili akateremka tena, safari hii na maneno mengine. Jioni Mwinjuma aliyafikisha kwa mkewe jikoni, amesimama, hakutaka kukaa.

"Mama ameniposea mke, huko huko milimani. Tatu, binti wa dada yake Mzee Kibwana."

Chausiku aliuacha mwiko kwenye sufuria. "Na wewe umekubali?"

"Sikuachi. Wewe ndiye mke mkubwa. Ni kwa ajili ya... mama anataka mjukuu mzima."

"Mzima! Huyu kavunjika wapi?"

"Mama Mwanaidi, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini mimi? Umeniona nikinyweshwa mizizi mpaka natapika damu. Umeniona nikichanjwa nyembe mgongoni kwa yule mganga. Hukuniambia basi. Leo unaniambia mjukuu mzima?"

Mwinjuma alitoka nje. Chausiku akasonga ugali uleule, na hakujua tena kama unga umetosha au haujatosha.

Siku ya harusi alikwenda. Bi Pili alikuwa ametuma neno kwamba mke mkubwa asipoonekana watu watasema ana kijicho. Alipanda lori la ndizi na Mwanaidi, wakapanda milima hadi Kinole, ambako hakuwahi kufikishwa, akapewa kazi ya kumenya ndizi pamoja na wanawake wa kule. Walimpokea vizuri, wakamwita dada. Walikuwa wanakwepa macho yake, akadhani wanamhurumia.

Mchana ngoma zilianza. Mwanaidi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Aliziba masikio, akachomoka katikati ya watu, akatokomea kwenye migomba.

"Mwanaidi! Mwanaidi jamani!"

Chausiku alikimbia, akateleza, akainuka, akaacha kanga kwenye mwiba. Mteremko ulikuwa mkali na mtoto hakuwa wa kuitika. Alimkuta mbali, nyuma ya kibanda cha nyasi, mahali ambapo mlio wa ngoma ulikuwa umefifia.

Hakuwa peke yake. Kando yake alichuchumaa mwanamume mtu mzima, mvi zimeanza ndevuni, viganja masikioni, anajitikisa mbele na nyuma. Mwanaidi naye viganja masikioni, anajitikisa mbele na nyuma. Hawakutazamana wala kugusana. Mbele yao maganda ya kahawa yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, ulionyooka kama uliopigwa kwa kamba.

Yule mtu akageuza uso kidogo. Ulikuwa uso wa Mwinjuma.

Chausiku alikaa chini.

"Usimwogope," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa jirani, amebeba majani ya mgomba kichwani. "Rehani hamdhuru mtu. Ngoma tu ndizo asizoziweza. Zikipigwa hukimbilia huku."

"Rehani nani?"

"Kaka yake bwana harusi. Mtoto wa kwanza wa Pili." Mwanamke alimtazama vizuri, akaushusha mzigo wake taratibu. "Kwani wewe hukuambiwa?"

"Mume wangu anajua yuko hapa?"

"Dada yangu! Mwinjuma si ndiye humletea nguo kila Idi?"

Chausiku alimwomba yule mwanamke amwangalie mtoto. Akapanda mteremko bila kanga ya pili, matope magotini, akaingia katikati ya uwanja, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Mpigaji akaacha.

"Mwinjuma, kaka yako Rehani alikufa kwa ugonjwa gani?"

Bwana harusi, kanzu nyeupe na kofia, alifumba macho.

"Chausiku, si hapa."

"Hapa hapa. Si uliniambia surua? Basi huyo marehemu wako amejificha kwenye migomba, anaogopa ngoma za harusi yako. Na mwanao amekaa naye, wanafanana kama mtu na kivuli chake."

"Huyu mwanamke ana wivu!" Bi Pili alipiga kelele. "Mtoeni!"

Mzee Kibwana, mjomba wa bibi harusi, aliinua fimbo kumnyamazisha. Yeye alikuwa mtu wa kijiji cha pili, ng'ambo ya mto.

"Bi Pili, nilipokuja kuuliza habari za nyumba yako, nilikuuliza kama kuna maradhi ya kurithiana. Ulinijibu nini?"

Bi Pili aligeuka kumtazama mwanawe.

"Na wewe, kijana? Una kaka au huna?"

"Ninaye," Mwinjuma alisema kwa sauti ya chini.

"Basi tumemaliza. Tatu, vua hayo maua. Hatuwezi kumtia binti yetu kwenye damu hii."

Chausiku alihisi kama aliyepigwa kofi na mtu aliyekuja kumsaidia. Alikuwa ameyangoja maneno ya kumsafisha, na yalipokuja yalimpaka mwanawe.

"Damu gani, mzee?" alisema. "Damu hiyo ndiyo ya Mwanaidi wangu. Rehani hakumkosea mtu. Mwanangu hakumkosea mtu. Jambo hili linatembea kwenye familia na hakuna aliyelipanda. Mimi nimesimama kuushitaki uongo, sikuishitaki damu."

"Uongo ni wenu," Mzee Kibwana alijibu, si kwa ukali. "Mimi namlinda wa kwangu."

Wakaondoka na binti yao. Pilau ilibaki kwenye masufuria, watu wakawa hawajui kama wale au wasile.

Bi Pili alimkuta Chausiku jikoni, anakusanya vitu vyake. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

"Rehani alipokuwa wa umri wa Mwanaidi, mume wangu aliniambia hayo hayo niliyokwambia," alisema. "Kwamba ukoo wangu ni mchafu. Aliniacha na mimba ya Mwinjuma. Watu walikuwa hawanipi hata moto. Nikasema, huyu wa pili ataoa, hata kama yule wa kwanza itabidi afe."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua yanavyouma."

"Nilikuwa najua."

"Ukayatunza miaka yote hiyo, mama, ukaja kunimwagia mimi."

Bi Pili alifunika uso kwa kanga.

Mwinjuma alimfuata mkewe mpaka kwenye lori. Kofia ya harusi alikuwa ameishika mkononi.

"Nilikupenda, Chausiku. Niliogopa ningekwambia ungenikataa."

"Nilipokuwa nachanjwa nyembe ulinishika mkono. Ukaniambia nivumilie. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungeniambia pale mtoni ningekukubali, wewe na Rehani wako. Nilikuwa nakupenda kijinga. Mwinjuma, si ugonjwa ulioniuma. Nimelala na wewe kitanda kimoja, nalia kwamba nimemharibu mtoto wangu, na wewe unasikia."

"Nisamehe. Nitamtoa Rehani mafichoni, tutaishi naye."

"Mtoe, kisha uje. Usipomtoa, nitumie talaka yangu Mikese kwa mama."

Talaka ilifika kabla ya mvua za vuli.

Vita vya Kagera vikaja, vikaisha, sukari ikawa ya kunong'onezana. Chausiku alikuwa Mikese kwa mama yake, anachoma mahindi kando ya barabara ya Dar. Mwanaidi alikuwa amepata neno moja, "maji", akalitumia kwa kila kitu anachokitaka. Wachumba walikuja. Walimwona mtoto, wakanunua mahindi, wakaenda zao.

Alasiri moja basi lilisimama, akashuka mwanamke mzee aliyekonda, kamba ya katani kaifunga kiunoni kushikia kanga, na nyuma yake mwanamume mwenye mvi, mfuko begani, viganja masikioni kwa sababu ya malori. Chausiku aliwatambua kabla hawajavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Pili alikaa kwenye jiwe, akahema muda mrefu. "Nina uvimbe tumboni. Hospitali wamesema umeenea. Sina wa kumwachia."

"Na Mwinjuma?"

"Alihamia Tanga, kwenye kiwanda kingine. Ameoa. Nilikwenda harusini." Alitazama vumbi la basi. "Wakwe zake waliniuliza, bibi, una watoto wangapi? Nikafungua mdomo. Mwinjuma akanitangulia. Akasema, 'Mmoja tu, mimi hapa.'"

"Na Mwanaidi?"

"Hakumtaja. Walimuuliza kama aliwahi kuoa, akasema hapana." Machozi yalimteremka mama mtu bila kelele. "Niliketi pale, nikala wali wao. Sikusema kitu. Ningesema nini? Maneno yale nilimfundisha mimi."

Chausiku aligeuza hindi lililokuwa linaungua. Alikuwa na hasira, na hakujua tena ampe nani. Aliyestahili alikuwa Tanga, na aliyekuwa mbele yake alikuwa anakufa.

"Utanisamehe?" Bi Pili aliuliza.

"Hilo sijui, mama. Labda sitaweza." Aliondoa makaa, akajifuta mikono, akaubeba mfuko wa Rehani. "Mwambie anifuate kwa nyuma, nisimguse. Kule uani malori hayasikiki sana."